Mafunzo ya Kujiokoa Chini ya Ardhi

Mtu afanyaye kazi katika karakana au ofisini akiona moshi, kwa kawaida hutafuta mlango na kutoka nje. Jambo hilo humchukua dakika moja au mbili. Mchimbaji wa madini aliye chini ya ardhi hana mlango wa namna hiyo. Baina yake na jua pana mamia ya meta za mwamba, na njia ya kumfikisha kwenye shimo la kutokea huweza kuwa na urefu wa kilometa kadhaa. Njia hiyo haina mwanga ila ule wa taa ya kofia yake. Na moshi ukishaijaza, hata taa hiyo haimwonyeshi mbali kuliko urefu wa mkono wake.

Kikosi cha uokozi nacho hakiwezi kufika mara moja. Wanakikosi hukusanywa, huvaa vyombo vyao, hupima hewa, ndipo waingie hatua kwa hatua, huku wakijihadhari na mlipuko wa pili. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, ilhali sumu ya moto humfikia mchimbaji baada ya dakika chache tu. Kwa sababu hiyo wataalamu wa usalama migodini hushika kanuni moja kubwa: mwanzoni mwa hatari, mwokozi wa mchimbaji ni yeye mwenyewe pamoja na wenzake walio karibu naye.

Je, mtu hufundishwaje kujiokoa mahali kama hapo? Katika makala haya tutaeleza hatari yenyewe, kemia ya chombo kinachotumika kuikabili, na sababu zilizowafanya wataalamu watambue kwamba chombo kizuri katika mikono isiyozoezwa hakitoshi kuokoa maisha.

Adui asiye na harufu

Watu wengi hudhani kwamba mlipuko wa mgodini huua kwa nguvu yake au kwa moto wake. Mwaka 1896 mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, alichunguza vifo vya wachimbaji baada ya mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, huko Wales, ambako watu 57 walikufa. Alionyesha kwamba wengi wao hawakuuawa na mlipuko wenyewe, bali na gesi iliyofuata baadaye, yaani monoksidi ya kaboni (CO).

Gesi hii hutokea kila mara kitu chenye kaboni kinapoungua bila oksijeni ya kutosha. Haina rangi, wala harufu, wala ladha. Ubaya wake umo katika damu. Hemoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni, hushikamana na monoksidi ya kaboni kwa nguvu ipitayo mara 200 ile inayotumia kushikamana na oksijeni. Wanafunzi waweza kuona maana ya tarakimu hiyo kwa hesabu fupi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Tukichukua uwezo wa mara 210, basi monoksidi ya kaboni iliyo asilimia 0.1 tu hushindana sawasawa na oksijeni yote iliyomo hewani, kwa kuwa 0.1 × 210 = 21. Mtu akikaa muda wa kutosha katika hewa kama hiyo, kiasi cha nusu ya hemoglobini yake itakuwa imetekwa. Gesi hiyo ikifika asilimia 1, mtu huweza kufa kwa dakika chache.

Haldane, ambaye alikuwa na desturi ya kujaribu gesi juu ya mwili wake mwenyewe, aliona jambo lingine linalohusu sana mafunzo. Kabla ya kumwangusha mtu, gesi hiyo humlegeza miguu na kumvuruga akili. Anayeishiwa na akili hajui kwamba anaishiwa nayo. Kwa hiyo mchimbaji asingoje mpaka ajisikie vibaya ndipo aamue la kufanya, maana wakati huo kile kiungo cha kuamulia kimekwisha kuguswa. Ndiyo sababu Haldane alishauri wanyama wadogo, kama panya na ndege, wachukuliwe migodini. Mwili wa ndege hutumia hewa kwa haraka zaidi kuliko wa binadamu, hivyo hulegea mapema na kumpa mtu onyo. Ndege hao waliendelea kutumika katika migodi ya Uingereza mpaka mwaka 1986, ambapo vipimo vya umeme vilichukua nafasi yao.

Chombo cha kujiokolea

Mchimbaji wa leo katika mgodi mkubwa hufunga kiunoni mwake, au huwekewa karibu na mahali pa kazi, chombo kidogo cha kumpa pumzi wakati wa hatari. Vyombo hivyo ni vya aina mbili.

Aina ya kwanza ni ya kuchuja. Ndani yake mna mchanganyiko wa oksidi za manganizi na shaba, uitwao hopkaliti, uliobuniwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mchanganyiko huo huigeuza monoksidi ya kaboni iwe dioksidi ya kaboni kabla haijaingia mapafuni. Chombo hiki ni chepesi, lakini kina mipaka miwili. Kwanza, hakitoi oksijeni. Hivyo hakimfai mtu pale ambapo moto umekwisha kuila oksijeni ya hewani. Pili, mabadiliko hayo ya kikemia hutoa joto, na kadiri gesi ya sumu inavyozidi ndivyo hewa ivutwayo inavyozidi kuwa ya moto.

Aina ya pili hujitegemea, wala haihitaji hewa ya nje. Vingi vya vyombo hivyo hutumia supaoksidi ya potasiamu (KO₂). Mvuke na dioksidi ya kaboni iliyomo katika pumzi ya mchimbaji hupita katika kemikali hiyo, nayo hurudisha oksijeni. Hatua hizo ni kama zifuatazo:

4KO₂ + 2H₂O → 4KOH + 3O₂

2KOH + CO₂ → K₂CO₃ + H₂O

Huu ni mpango wa ajabu: takataka ya pumzi ndiyo inayozaa pumzi mpya. Lakini hatua zote mbili hutoa joto, na hatua ya kwanza hula maji. Matokeo yake ni kwamba mvaaji huvuta hewa ya moto na kavu, yenye ladha isiyopendeza, tena kupitia tabaka la kemikali linalomfanya avute kwa nguvu. Aidha, kwa kuwa kemikali husubiri unyevu wa pumzi, chombo hakitoi oksijeni ya kutosha mara moja. Huwa kina kianzishi cha kujaza mfuko wa hewa mwanzoni. Na kianzishi kikikosea, mvaaji hutakiwa apulize pumzi yake mwenyewe ndani ya mfuko mara kadhaa mpaka kemikali iamke.

Sasa fikiria mtu aliyefundishwa kwa maneno tu. Moshi umemzunguka, moyo unamwenda mbio. Anavaa chombo kwa mara ya kwanza katika maisha yake, anavuta, na hewa inakuja kwa shida, nayo ni ya moto. Atakisema nini chombo hicho? Atasema kimeharibika. Atakivua. Kumbe joto lile na ugumu ule ni dalili kwamba chombo kinafanya kazi yake.

Mafunzo yaliyonunuliwa kwa maisha

Mnamo tarehe 2 Mei, 1972, moto ulizuka katika mgodi wa fedha wa Sunshine, jimbo la Idaho, Marekani. Watu 91 walikufa kwa gesi. Vyombo vya kuchuja vilikuwapo, ila wachimbaji wengi hawakuwa wamezoezwa vya kutosha kuvitumia. Baada ya hapo sheria zilikazwa, na tangu mwaka 1981 migodi ya makaa ya mawe ya Marekani ililazimika kuwa na vyombo vya kutoa oksijeni kwa kila mchimbaji.

Hata hivyo, kuwa na chombo na kukijua ni mambo mawili. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Idara ya Migodi ya Marekani, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Kentucky, waliwapima wachimbaji walipokuwa wakivaa vyombo hivyo. Waliona kwamba wengi walifuata hatua nyingi zisizo na mpangilio, na kwamba waliochelewesha hatua muhimu walifanya hivyo kwa sababu walianza na kamba, miwani na kofia. Kutokana na uchunguzi huo walibuni mpango rahisi uitwao “tatu na tatu”.

Mchimbaji hupiga magoti na kuiweka kofia chini, taa yake ikimulika chombo. Kisha hufanya mambo matatu ya kwanza: huanzisha oksijeni, hutia kinywani mdomo wa chombo, na hubana pua kwa kibanio. Mambo hayo matatu yakitimia, mapafu yake yamekwisha kutengwa na sumu. Ndipo afuatishe matatu ya pili: huvaa miwani, hukaza kamba za chombo, na huirudisha kofia kichwani, tayari kwa safari. Uzuri wa mpango huu ni kwamba yaliyo ya kufa na kupona yametangulizwa, na idadi yake yakumbukika hata na mtu mwenye hofu.

Watafiti hao waliona pia kwamba anayejifunza kwa kutazama sinema au kwa kumsikiliza mwalimu hawezi kulingana na yule aliyeshika chombo kwa mikono yake. Na kwamba ustadi wa aliyefunzwa hupungua baada ya miezi michache tu asiporudia mazoezi. Walimu wa maabara hawatashangaa kusikia hivyo.

Baadaye watafiti waliwahoji wachimbaji walionusurika katika mioto ya migodi mitatu ya makaa ya mawe ya jimbo la Pennsylvania, na matokeo ya mahojiano hayo yakatolewa mwaka 2000. Yalionyesha tabia za binadamu ambazo hazimo katika vitabu vya kemia. Maonyo ya kwanza aghalabu yalikuwa hayaeleweki, hata watu wakapoteza muda wakiuliza kama ni moto kweli. Wapo waliochelewa kuvaa vyombo mpaka moshi ulipokuwa mzito. Wengine waliondoa mdomo wa chombo ili waseme na wenzao, na kwa kufanya hivyo wakavuta moshi. Makundi yaliyokuwa na kiongozi mtulivu, aijuaye njia na awezaye kuwaeleza wenzake kinachofanyika, yalitoka kwa mpango zaidi.

Sago na Aracoma

Pamoja na elimu hiyo yote, mwaka 2006 ulileta fundisho lingine. Alfajiri ya tarehe 2 Januari mlipuko ulitokea katika mgodi wa makaa ya mawe wa Sago, jimbo la West Virginia. Wachimbaji 12 waliokuwa mbali ndani walijaribu kutoka, wakakutana na moshi na vifusi, wakarudi na kujitenga kwa kutundika pazia ili kuzuia gesi. Waokoaji walipowafikia baada ya saa zipatazo 41, mmoja tu ndiye aliyekuwa hai. Huyo alieleza kwamba vyombo visivyopungua vinne havikufanya kazi, hivyo walilazimika kugawana. Wachunguzi walipovipima baadaye walikuta kwamba vyombo vilikuwa vimeanzishwa na viliweza kutoa oksijeni. Baina ya kauli hizo mbili pana swali zito: je, wachimbaji hao waliwahi kuonjeshwa jinsi chombo kinachofanya kazi kinavyojisikia mdomoni?

Siku 17 baadaye, tarehe 19 Januari, mkanda wa kuchukulia makaa uliwaka moto katika mgodi wa Aracoma wa jimbo lilo hilo. Kuta za kutenganisha njia za hewa zilikuwa na mapengo, na moshi ukaingia katika njia iliyopaswa kuwa salama. Wachimbaji 12 walivaa vyombo wakatafuta mlango wa kuvukia upande wa pili. Kumi walitoka, wawili walipoteana na wenzao katika moshi, wakafa.

Mwaka huo huo sheria mpya ilipitishwa. Tangu hapo, kila mchimbaji wa makaa ya chini ya ardhi nchini humo hufanya zoezi la kutoka mgodini kila robo mwaka, akitembea njia yenyewe mpaka nje, leo njia ya kwanza, na safari nyingine njia ya pili. Hujizoeza kuvaa chombo, na pia kubadilisha kilichoisha kwa kipya bila ya kuvuta hewa ya nje. Tena, mara moja kwa mwaka huvaa chombo cha mafunzo ambacho kwa makusudi humpa joto na ugumu wa kuvuta pumzi, na hupitishwa katika moshi wa bandia usiodhuru. Kusudi ni kwamba siku ya hatari mwili wake usikutane na jambo geni.

Kamba inayozungumza na mkono

Njia ya kutokea huwekewa kamba ya kushika. Juu ya kamba hiyo hufungwa koni, zisizopishana zaidi ya meta 30 hivi, kila moja ikiwa imeelekeza ncha yake nyembamba ndani ya mgodi. Anayeelekea nje huikuta ncha kwanza, na mkono wake huteleza juu ya koni bila kizuizi. Anayerudi ndani kwa makosa hugonga kitako kipana cha koni, na mkono husimama. Hivyo kipofu wa moshi huambiwa na kiganja chake kwamba amepotea. Kifaa hiki hakina betri wala kemikali, lakini nacho hakina faida kwa yule ambaye hajawahi kukipapasa gizani.

Wachimbaji hufundishwa pia kuijua hewa ya mgodi wao. Kila mgodi una njia ya hewa safi inayoingia na njia ya hewa chafu inayotoka. Kwa kawaida mtu hukimbilia ile ya hewa safi, isipokuwa pale moto wenyewe ulipo kwenye njia hiyo. Ndiyo maana lazima pawe na njia mbili. Mkataba Namba 176 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1995, unataka kila mahali pa kazi chini ya ardhi, inapowezekana, pawe na njia mbili za kutokea zisizotegemeana. Zambia na Afrika ya Kusini ni miongoni mwa nchi zilizouridhia.

Hali katika Afrika

Huko Afrika ya Kusini, tarehe 16 Septemba 1986, kazi ya kuchomelea katika mgodi wa dhahabu wa Kinross iliwasha povu la plastiki lililopakwa kwenye kuta. Moshi wake wenye sumu uliua wachimbaji 177. Migodi ya dhahabu ya nchi hiyo ni ya kina kirefu mno, baadhi ikipita kilometa 3, na mtu hawezi kupanda mpaka juu kwa pumzi ya chombo kimoja. Kwa hiyo hufundishwa kwenda kwenye chumba cha hifadhi, chenye hewa, maji na simu, kilichowekwa mahali anapoweza kufika kabla chombo chake hakijaisha. Swali la kutoka au kujihifadhi hujibiwa kwanza kwa hesabu ya umbali, kabla ya moto, si wakati wa moto.

Tanzania ina migodi mikubwa ya chini ya ardhi, kama ule wa Bulyanhulu uliofunguliwa mwaka 2001, ambako mafunzo ya namna hii ni sehemu ya kazi. Lakini watu wengi zaidi humo nchini huchimba katika maduara ya wachimbaji wadogo. Huko Mererani, makumi ya wanaapolo walikufa kwa mafuriko mwaka 1998 na tena mwaka 2008. Na mwaka 2002 makumi wengine walikufa kwa kukosa hewa shimoni. Duara aghalabu lina mdomo mmoja tu, na hewa hutegemea kompresa iliyo juu. Pale chombo cha oksijeni hakipatikani, yako bado mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi: kuhesabu kila aingiaye na kila atokaye, kukubaliana ishara moja ya kamba au ya mpira wa hewa yenye maana ya “tokeni sasa”, kutoingia upesi baada ya baruti kulipuka, kwa kuwa moshi wake nao una monoksidi ya kaboni, kutomfuata mwenzako aliyeanguka katika shimo lisilopimwa hewa, na kuifanyia mazoezi ishara hiyo mara kwa mara, hata siku ya amani.

Hilo la kumfuata mwenzako ndilo gumu kuliko yote, kwa maana linapingana na huruma. Mtu mmoja huanguka, wa pili hushuka kumwokoa, wa tatu humfuata wa pili. Mafunzo humpa yule aliye juu kitu kingine cha kufanya: kupeleka hewa, kuita msaada, na kuvuta kwa kamba iliyofungwa tangu awali.

Zoezi kwa darasa

1. Mtu anayetembea kwa haraka hutumia lita 1.5 hivi za oksijeni kwa dakika. Kwa kutumia mlinganyo wa kwanza ulioonyeshwa hapo juu, tafuta uzito wa KO₂ unaohitajika kwa dakika 60. Chukua kwamba moli moja ya gesi ina lita 24, na kwamba moli moja ya KO₂ ina gramu 71. (Jibu: gramu 355. Chombo halisi huwekwa zaidi, kwa kuwa kemikali yote haitumiki.)

2. Mtu aliyeketi kwa utulivu hutumia lita 0.3 hivi kwa dakika. Kwa nini wachimbaji waliojihifadhi huagizwa wakae chini, wasizungukezunguke?

3. Tuseme katika moshi kundi hutembea meta 20 kwa dakika. Chombo cha dakika 30 kitalifikisha wapi? Chumba cha hifadhi kiwekwe umbali gani, ukiacha theluthi moja ya muda kwa ajili ya ajali ndogo za njiani?

4. Chora ramani ya bweni au jengo la darasa lako, uonyeshe njia mbili za kutokea zisizotegemeana. Wanafunzi watano wafungwe kitambaa machoni, washikane mikono, wafuate ukuta mpaka nje, huku mwalimu akipima muda. Rudieni baada ya majuma mawili, mlinganishe muda. Kama njia ya pili imefungwa kwa kufuli, andikeni jambo hilo katika ripoti yenu na kuipeleka kwa mkuu wa shule siku hiyo hiyo.